Joto la Kiti cha Mlangoni

Mzee yule alisema hajambo, na kiti alichokalia kikasema anasikiliza mhadhara.

"Mhadhara gani tena?" muuguzi Dafroza aliuliza, akichungulia kishikwambi cha Saumu. "Humu hakuna anayehutubia ila yule mtoto anayelilia sindano."

Saumu Singano alicheka. Ndivyo mambo yalivyo ukimchukua mtumishi wa darasani ukampeleka hospitali: hufanya kazi aliyoizoea. Viti vile alivileta asubuhi hiyo kutoka Chuo Kikuu cha Maramba, ambako yeye ndiye mhandisi wa viti, akavipanga kwenye ukumbi wa kusubiria daktari. Hospitali iliviomba kwa sababu moja tu. Watu wa huku, ukimwuliza mtu hali, atakujibu sijambo hata kama amelala juu ya machela. Kwa kuwa hakulia wala hakulalama, daktari humwona wa mwisho, na mara nyingi huyo wa mwisho ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza. Basi wakuu wakasema, kama kiti kinaweza kujua kwamba mwanafunzi anafuatilia somo au anawaza chakula, hakitashindwa kujua nani anaumwa.

Mzee alikuwa akiyumba. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, polepole, mikono juu ya magoti, macho sakafuni. Kwenye kishikwambi mstari wake ulipanda na kushuka, na pembeni pameandikwa: ANAFUATILIA KWA MAKINI.

Dafroza alimwinamia. "Mzee wangu, unaumwa wapi?"

"Sijambo, mwanangu. Nimekuja kupima tu."

"Na hiyo ya kupima tu imeanza lini?"

Mzee akamtupia jicho mkewe aliyekaa upande wa pili, akihesabu shanga za tasbihi, kisha akashusha sauti. "Mgongo. Tangu mfungo uliopita. Usimwambie huyo, hataweza kulala."

Dafroza alimshika mkono akampeleka ndani bila kumpitisha kwenye foleni. Saumu hakuwa akicheka tena. Alibaki ameutazama ule mstari. Mtu anayeyumba kwa kusoma huufuata ulimi: sentensi ikiisha, mwili hutua, ikianza nyingine, mwili hushika njia tena. Mstari wa mzee haukuwa na kituo. Kipaza sauti kilipoita majina haukushtuka, mtoto alipopiga ukelele haukushtuka. Uliifuata pumzi yake mwenyewe, pumzi hadi pumzi, basi.

Na Saumu alikuwa ameuona mstari kama huo jana yake. Ulikuwa wa mama yake mzazi, na alipouona aliutolea machozi ya furaha.

*

Hapa inabidi tueleze kidogo, ili ambaye hajawahi kukalia kiti sikivu asije akaachwa njiani.

Viti hivi vilikuja nchini na akili yao tayari. Huko vilikotoka, wataalamu walipima wasikilizaji maelfu kwa maelfu, wakagundua jambo ambalo bibi yeyote aliyewahi kusimulia hadithi angewaambia bure: aliyechoshwa husogeasogea. Hujikuna shingo, hubadilisha kikao, hutikisa mguu. Aliyenaswa na maneno hutulia. Tangu ilipopita Sheria ya Nyuso, kamera zilipigwa marufuku madarasani, kwa hiyo kiti kikawa shahidi pekee. Mwalimu hupata habari papo hapo, kwa taa ndogondogo mezani pake. Profesa Mbaruku Singano, baba yake Saumu, asingeweza kuziona taa hizo, kwa kuwa alipofuka angali kijana, miaka michache baada ya kuoa. Yeye alishonewa shali. Kila kiti cha ukumbini kilikuwa na mahali pake kwenye shali hiyo. Msikilizaji akifuatilia, mahali pake panapata joto, akichoka, panapoa. Profesa alipenda kusema kwamba alifundisha gizani miaka mingi, na siku alipojitanda shali ndipo alipoliona darasa.

Lakini mwanzoni shali ilikuwa barafu tupu, na taa za wenzake zilikuwa zimezimika. Maramba ni mji wa vyuo vya Kurani. Mtoto wa Maramba hujifunza herufi zake akiwa anayumba, na hata akikua akasomea uhandisi au sheria, jambo likimwingia mwili huanza kwenda mbele na nyuma wenyewe. Viti vikaripoti kwamba nusu ya wanafunzi wamechoshwa. Walimu wazuri wakaanza kunyang'anywa vipindi. Ndipo Profesa Mbaruku aliposimama mbele ya baraza la chuo akauliza, "Mnatuambia watoto wetu hawasikilizi, kwa sababu wanasikiliza kwa mwili mzima?"

Baraza zima lilipiga makofi. Saumu, ambaye wino wa barua yake ya ajira ulikuwa haujakauka, ndiye aliyekifundisha kiti upya, na kazi yake ikaitwa Marekebisho ya Maramba. Kuyumba polepole kukawa joto. Kutulia tuli kukawa baridi, maana katika ukumbi ule, baada ya chakula cha mchana, mtu aliyetulia tuli kabisa amelala huyo. Kila mtu alifurahi. Bi Mwantumu, mama yake Saumu, alipika pilau ya kuwashukuru waliopiga kura.

Bi Mwantumu ndiye aliyemleta mumewe darasani kila siku, mkono wa Profesa ukiwa begani pake. Akishamfikisha mezani, hurudi nyuma akaketi kiti cha mlangoni mpaka kipindi kiishe. Darasa la saba ndiyo elimu yake yote, lakini somo la maji ya chini ya ardhi alilisikia mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kulifeli. Mahali pake kwenye shali palikuwa bega la kushoto, karibu na shingo, na baada ya Marekebisho bega hilo lilipata moto uliopoa kwa nadra. Profesa alitamba nalo mji mzima. Mkimtaka mwanafunzi wangu bora, husema, mtazameni aliye mlangoni.

Mwaka jana Bi Mwantumu alikufa. Ugonjwa ulikuwa ndani ya mifupa ya uti wa mgongo, na ulipogunduliwa daktari alimwuliza ameumwa tangu lini, akajibu, "Juzi juzi hapa." Msibani wanawake walisema yanayosemwa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Saumu aliichukia methali hiyo siku ile.

Sasa Profesa alikuwa anastaafu. Kwa mhadhara wake wa mwisho aliomba kitu kimoja. Angetoa upya, neno kwa neno, mhadhara wa mwisho aliohudhuria mkewe, kwa kuwa mihadhara yake yote alikuwa nayo kichwani. Na kumbukumbu ya kile kiti, ambayo kisheria ni mali ya familia ya marehemu, irushwe kwenye shali katika muda wake uleule. "Nataka anisindikize," alisema. Saumu alikuwa ameshaitafuta kumbukumbu hiyo, ameshaupata mstari, ameshalia kwa furaha. Mwendo wa mama yake ulikuwa hai mbele yake.

Alipotoka hospitali hakupita popote. Aliingia ofisini, akafunga mlango, akaweka sauti ya baba yake juu ya mstari wa mama yake.

Havikukutana. Profesa aliposita, mwili haukusita. Alipotania na darasa likacheka, mwili haukucheka. Mbele, nyuma, pumzi hadi pumzi, kama yule mzee wa hospitali. Mama yake hakuwa akisikiliza. Alikuwa akiubembeleza mgongo, na kiti, kwa akili kiliyopewa na binti yake wa kumzaa, kilikuwa kikimwambia mumewe: huyu anafurahi.

Mahali pamoja tu mstari ulilala. Ulishuka taratibu ukanyooka, kama mtoto aliyepata usingizi. Saumu akaongeza sauti asikie baba yake anasema nini pale. Profesa alikuwa ameacha kanuni na hesabu, akizungumza habari ya mvua iliyonyesha siku ya harusi yake. Bibi harusi alilia, alisema, nami nikamwambia usilie. Kisha ile sauti yake ya kuchekesha: "Naona huko mlangoni tumepoteza mtu. Haya, tuendelee na mgandamizo."

Darasa likaangua kicheko. Na mstari ukaanza kuyumba tena.

Saumu alifungua mhadhara wa muhula uliotangulia, na wa kabla yake, na wa kabla ya huo. Kile kipande cha mvua kilikuwemo kila mara, na kadiri alivyorudi nyuma ndivyo alivyokikuta kirefu zaidi. Kila mara mama yake alitulia kilipoanza. Kila mara shali ilipoa, na Profesa akakikata mapema kuliko alivyokikata mara iliyopita. Alikuwa akimhurumia mkewe. Alidhani kinamchosha.

Saumu aliweka kichwa juu ya meza akalia kwa sauti, bila kujali wanaopita nje.

*

Alimkuta baba yake sebuleni, shali mapajani, midomo ikienda bila sauti. Alikuwa akipitia mhadhara wa kesho.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Hatua zako nzito leo. Hospitali wamekukatalia viti vyako?"

"Wamevipenda."

"Na ile amana yangu?"

"Iko tayari. Nimeshaiunganisha na shali."

Profesa akanyoosha shali, akapapasa pale begani kushoto kwa kidole gumba. Palikuwa pamechakaa kwa kupapaswa. "Umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Alikuwa akifuatilia, au sio?"

Saumu alikuwa amejiandaa njia nzima. Alishayapanga maneno: Baba, kuna jambo kuhusu Marekebisho. Alifungua kinywa. "Hakukosa hata siku moja," akasema.

"Hilo sikukuuliza," Profesa alicheka. "Hilo nalijua, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika bega." Kisha kicheko kikamwisha, akawa mtu mzima anayesema na mwanawe. "Nikwambie kitu, Saumu. Mimi sijamwona mama yako akizeeka. Uso nilionao ni wa msichana. Mtu asiyeona huishi kwa kubahatisha, hujui ukisema watu wanatazamana, wanapiga miayo, wanakucheka. Lakini hili joto hapa, hili sikubahatisha. Nikiulizwa kesho mbele ya haki niliishi vipi, nitasema kuna mtu mmoja alinisikiliza. Inanitosha."

Sasa mwambie mtu wa namna hiyo. Saumu alikwenda jikoni, akafungua bomba, akalifunga, akarudi. Kumficha ni kumdanganya mzazi wake siku ya heshima yake. Kumwambia ni kumnyang'anya mkewe mara ya pili, na safari hii angemzika na ile miaka yote ya mlangoni. Wa kumshauri hakuwepo, wala Dafroza hakuwepo. Alikuwepo yeye na baba yake na ile shali.

"Baba, nina ombi. Ukifika kwenye kipande cha mvua kesho, usikikate. Kimalize."

"Cha harusi? Ah, kile kilikuwa kikimchosha mama yako. Nikikianza tu, anapoa kama maji ya mtungini. Mwenyewe nilikipenda, lakini nilimwonea haya. Nani anataka kuanikwa mbele ya vijana kila muhula? Nikawa nakipunguza. Na tumekubaliana neno kwa neno."

"Kimalize kwa ajili yangu."

Kidole gumba cha Profesa kilisimama juu ya shali. Alimgeuzia binti yake uso, kama mtu anayetafuta upepo unatoka wapi.

"Haya, mama," alisema. "Nitakimaliza."

*

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Kiti cha mlangoni tu ndicho kilichoachwa wazi. Hakuna aliyekatazwa kukikalia, na hakuna aliyekikalia. Saumu alikuwa nyuma yake, kwenye chumba cha mitambo, akitazama kupitia kioo. Mbele yake palikuwa na kitufe kimoja chenye maana. Akikibonyeza, kumbukumbu ya mama yake ingekatika na bega la Profesa lingekuwa tupu.

Profesa alianza. Mara moja kichwa chake kiliinama kidogo upande wa kushoto, akatabasamu, na kila aliyemjua ukumbini alijua kwa nini. Baadhi ya walimu wenzake walifuta macho. Jambo lile lilikuwa zuri kulitazama, na Saumu peke yake ndiye aliyekuwa akiona kilichomo ndani yake: mwanamume anaota moto wa maumivu ya mkewe na kuyaita mapenzi. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe. Alifikiri, nikimkatia sasa atadhani mtambo umeharibika, atasikitika tu. Alifikiri, hata haya maumivu ni ya Mama, na Baba amebaki nayo haya tu. Hakubonyeza.

Zikapita kanuni, ikapita michanga na miamba. Profesa alifika kwenye mvua.

"Mvua si zote zina haraka," alisema. "Ikinyesha Usambara, nyingine hukimbilia mtoni, tunaiona, tunaisifu. Nyingine huzama. Hupita mchanga, hupita mwamba, gizani, haioni mbele wala nyuma, lakini haipotei. Maji mnayochota hapa Maramba leo ni mvua iliyowanyeshea bibi zenu wakiwa wasichana."

Kwenye kishikwambi chake mstari ulianza kushuka. Ukanyooka. Profesa akaugusa ubaridi begani.

"Siku niliyooa, kule Amani kwa wakwe zangu, ilinyesha mpaka turubai likatuangukia. Pilau ikaogelea. Bibi harusi alilia. Nami nilikuwa bado naona, nikamwambia, usilie..."

Hapo ndipo alipokatiza siku ile. Ukumbi ulisubiri.

"Nikamwambia, usilie, mvua hii hatujaagana nayo. Inazama hivi sasa chini ya miguu yetu. Sisi tutazeeka, Mwantumu, tutazikwa, na yenyewe itakuwa bado njiani. Siku moja mtoto wa watu tusiowajua atateka kikombe cha maji kisimani. Atakuwa anakunywa harusi yetu."

Mhadhara wa siku ile haukuwa na maneno haya, na kumbukumbu haina masikio. Profesa alipokuwa katikati yake, mstari ulikuwa umeshaanza kuyumba tena, kama ulivyoyumba siku ile alipolichekesha darasa. Joto likarudi begani. Profesa alishtuka, mkono ukaruka ukapashika pale. Watu walidhani ni furaha, wakapiga makofi. Yeye aliyaacha yaishe. Kisha akaivua shali, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, na akamaliza mhadhara wake wa mwisho mabega yakiwa matupu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

*

Walipobaki wawili, Saumu alimletea fimbo. Profesa hakuipokea. Alinyoosha mkono hewani mpaka akalipata bega la binti yake, wakaenda hivyo, polepole, mpaka mlangoni. Pale aliomba akae. Alikaa kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapapasa mikono yake ya mbao.

"Uliponiomba nikimalize, nilijua," alisema. "Mtu haombwi amalize kilichomchosha marehemu. Basi hakikumchosha. Na kama ule ubaridi haukuwa kuchoka, nikajiuliza, lile joto lilikuwa nini? Alikuwa akiamka alfajiri mapema mno. Namsikia anatembea chumbani, huku na huku. Nikimwuliza, ananiambia anasali. Nami nalala zangu, namshukuru Mungu kwa mke mchamungu."

Saumu alipiga magoti mbele yake.

"Alikuwa anaumwa wapi? Palepale palipomwua?"

"Baba..."

"Nimekuuliza, Saumu. Sijambo yake nimeisikia miaka yote. Yako siitaki."

"Mgongo," Saumu alisema. "Alikuwa akijibembeleza. Kiti hakikujua. Mimi ndiye niliyekifundisha, na sikujua."

"Hata mimi nilisimama barazani nikatetea kuyumba." Profesa alimtafuta uso kwa viganja, akamfuta machozi kwa gumba lilelile lililochakaza shali. Alikuwa na swali moja limebaki, na ilionekana wazi kwamba jibu lake analijua na kwamba angetoa chochote alicho nacho liwe jingine.

"Na kile kipande changu cha mvua," aliuliza. "Pale alipokuwa akipoa, nami nikawa namkatiza?"

"Pale," Saumu alisema, "hapakuwa panauma."